Jinsi Nilivyomuua Mama Mkwe kwa Kompyuta

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua mliniacha wapi: nje ya geti la kiwanda cha sabuni, nimefukuzwa kwa kosa la povu, boksi la vitu vyangu mkononi, na mchumba wangu ananipigia simu kuniambia mjomba wake ananitaka kazini Jumatatu. Msiokuwepo, poleni, lakini hamjapitwa na mengi. Mkosi wangu ni ule ule, unahama ofisi tu.

Mjomba wa mchumba wangu ana kampuni ya kukodisha mahema, viti, spika na jenereta. Iwe harusi, mahafali, mkutano au msiba, yeye yumo. Ofisini anaitwa Mkurugenzi, nyumbani anaitwa Mjomba, na ole wako uchanganye.

"Wewe si umesomea mambo ya mifumo ya habari?" aliniuliza siku ya kwanza.

Nikasema ndiyo. Haukuwa uongo, ila ulikuwa ukweli nusu.

Kozi yangu ilikuwa ya wiki mbili. Wiki ya kwanza tulifundishwa kwamba data si habari. Jina la mtu, namba ya simu, idadi ya viti, hizo ni data, zimetawanyika tu. Ukizipanga mpaka bosi akaweza kuamua jambo, hapo ndipo zinakuwa habari. Tukafundishwa kwamba mfumo si kompyuta peke yake, ni pamoja na watu na utaratibu wao wa kazi. Tukafundishwa kuingiza data na kuichakata.

Wiki ya pili ilikuwa ya matokeo na mrejesho, yaani kinachotoka, na namna ya kujua kama kilichotoka ni sahihi. Wiki hiyo mimi nilikuwa kitandani na matumbwitumbwi, mashavu yamevimba nashindwa hata kumeza uji. Cheti walinipa hivyo hivyo, kwa huruma.

Kwa hiyo mimi kuingiza naweza. Kinachotoka, wala msiniulize.

Mjomba akanipa cheo cha Meneja wa Mifumo, akanipa na meza yenye droo inayofungika. Lakini mimi sikuja kwa ajili ya droo. Nilikuja kwa ajili ya dada yake.

Dada yake ndiye mama wa mchumba wangu. Mimi namwita Mama Mkwe kwa kujipa moyo, maana hajawa mkwe wa mtu. Ni mwalimu mkuu mstaafu, na ustaafu wenyewe ni wa karatasi tu. Akipita mtaani watu wazima wanachomekea mashati. Alikuwa amesema atatoa jibu la mwisho Jumamosi, nyumbani kwake, mbele ya familia zote mbili. Akikubali, naoa. Akikataa, nisionekane tena hata kwenye kona ya mtaa wake.

"Nisimamishie mfumo wangu," Mjomba aliniambia, "na mimi nitakusimamia kikaoni. Dada yangu hamsikii mtu, ila mimi ananisikia kidogo."

Sasa mnaelewa. Wengine hufunga mfumo ili biashara iende vizuri. Mimi nilifunga mfumo ili nipate mke.

Nikaanza na Bi Stoo, mwanamama mwenye funguo zote za kampuni kiunoni. Yeye alikuwa na utaratibu wake. Oda ya msiba ikiingia, kabla lori halijapakiwa, lazima apige simu nyumbani kwa wafiwa kutoa pole. Na simu yake ya pole haikuwa ya kusema pole na kukata. Anauliza marehemu aliugua nini, ameacha watoto wangapi, mkubwa yuko wapi, mdogo analelewa na nani. Wakilia, analia nao. Asubuhi nzima inakwisha kwa oda moja, na mtu wa mapokezi naye analia kwa kumwonea huruma Bi Stoo.

Nikachora ubaoni visanduku na mishale. Nikasema, "Hatua hii haiongezi kitu. Pole itatumwa na mfumo wenyewe, kwa meseji, kwa ndugu na majirani wote walioandikishwa, asubuhi ya msiba."

"Na mimi nitalia saa ngapi?" Bi Stoo akauliza.

"Muda wako mwenyewe, Bi Stoo."

Mjomba akapiga makofi. Nikafuta simu ya pole.

Nikaongeza na kanuni moja ya Mjomba mwenyewe, kwamba msiba hausubiri. Zikigongana oda mbili siku moja, mahali pamoja, moja ya msiba na nyingine ya jambo jingine lolote, mfumo unaacha ya msiba na kuifuta ile nyingine. Niliona nimemaliza kazi ya mahakimu.

Bi Stoo alinuna kidogo, halafu akageuka muumini kuliko mimi niliyeuleta. Ukimuuliza viti vya plastiki vipo, haendi stoo, anaangalia tableti yake.

"Mfumo unasema vipo."

"Bi Stoo, stoo ni hii hapa, na ni tupu."

"Basi mfumo unajua vilipo."

Ijumaa mchana Mjomba akaita wafanyakazi wote ofisini kwake. Alitaka aone kwa macho yake oda inavyoingia na inavyotoka. Bi Stoo hakuwepo, alikuwa uani anahesabu vigingi. Mimi nilikuwa nimevaa tai.

Kwenye ukurasa wa oda kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa MAJARIBIO. Ukikitia alama, oda inakuwa ya mchezo, haiendi popote. Tatizo ni kwamba ukikitia alama, maandishi mekundu yanakatiza skrini nzima: HII NI ODA YA MAJARIBIO. Mimi nikaona aibu. Mtu umevaa tai, umesimama mbele ya bosi na madereva, halafu kompyuta yako mwenyewe inatangaza kwamba unajaribujaribu. Nikakiacha wazi.

"Aina ya shughuli, Mkurugenzi?"

"Weka msiba. Misiba ndiyo inayotutoa jasho."

Nikaweka msiba. Mfumo ukataka jina la marehemu. Nikaandika jina la kubuni, ukakataa, unataka mtu aliyekwisha andikishwa. Nikafungua orodha ya wateja. Wa juu kabisa alikuwa Mama Mkwe, kwa sababu alikuwa amekodi mahema meupe kwa ajili ya kikao chetu cha kesho yake. Anuani yake ipo, picha ipo, ndugu na majirani wapo pamoja na namba zao za simu. Watu wananiangalia. Nikambonyeza.

Mjomba alikuwa upande wa pili wa meza. Mjomba haoni mbali, karibu pia haoni, na miwani haitaki kwa kuwa inamzeesha.

"Naona, naona," akasema, huku anaangalia feni.

Nikabonyeza THIBITISHA. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi. Makofi yakapigwa. Dereva wa lori, yule tunayemwita Breki kwa sababu hana habari nazo, akanishika mkono na kuniambia elimu ni kitu kikubwa. Nikaenda nyumbani najiona mtu.

Jumamosi tukaondoka, mimi, Baba na Shangazi. Baba yangu maisha yake yote alikuwa mnadi, mtu wa kuuza samani kuukuu kwenye mnada. Akiona kipaza sauti, mkono unamwasha. Shangazi yeye kazi yake ni vigelegele, na huwa haanzi tukishafika, anaanza njiani ili wenyeji wajiandae.

Tulipokata kona ya nyumbani kwa Mama Mkwe, Shangazi akaachia. Mara akaona mahema meusi. Sauti yake haikukatika. Iligeuka pale pale ilipokuwa, bila kuvuta pumzi, ikawa kilio. Nimejaribu kufanya hivyo chumbani kwangu nimeshindwa.

Uani palikuwa pamejaa watu. Getini kulikuwa na bango lenye picha ya Mama Mkwe, ile ya kitambulisho, amekunja uso, na chini yake PUMZIKA KWA AMANI. Chini zaidi kulikuwa na jina la kampuni yetu na maneno, "Tunakodisha pia viti vya harusi."

Nilijua hapo hapo. Mahema meupe ya kikao na mahema meusi ya majaribio yaligongana, siku moja, nyumba moja, na kanuni yangu ikachagua msiba.

Mchumba wangu alikuwa amekaa chini, kichwa mapajani mwa Bi Stoo. Alikuwa ametoka asubuhi kwenda kwa fundi cherehani kuchukua gauni la kikao, akarudi nalo begani, akakuta kwao kuna msiba na marehemu ni mama yake. Alipiga simu, simu ya mama yake ikaita chumbani kwenye chaji. Sijawahi kuona mtu analia vile. Iliniuma, na nasema wazi, iliniuma zaidi kwa kuwa nilijua aliyesababisha.

Na Mama Mkwe mwenyewe alikuwa wapi? Nitawaambia, kwa kuwa sasa mtaa mzima unajua. Alikuwa saluni, mtaa wa mbali kabisa, anapaka nywele rangi nyeusi. Mvi zake huzificha hata kwa binti yake. Alitoka bila kuaga na simu akaiacha.

Nikachuchumaa. "Usilie, mpenzi. Mama yako ni mzima."

Akainua uso haraka. "Umemwona?"

"Sijamwona."

"Umeongea naye?"

"Hapana, ila..."

"Basi niache nilie."

Nikaenda kwa Mjomba, aliyekuwa ameegemea nguzo ya hema, macho mekundu.

"Mjomba, nisikilize. Mama hajafa. Ile ni oda ya majaribio."

Akanivuta, akalaza kichwa changu kifuani kwake. "Ndiyo, mwanangu. Mungu anatujaribu."

"Sivyo, Mjomba. Ni jana, kwenye kompyuta, mbele yako. Nilimbonyeza Mama."

"Hata mimi nilikataa, mwanangu. Lakini mke wangu kanisomea meseji mara mbili. Imetoka kwenye kampuni yangu. Kampuni yangu inidanganye mimi?"

Nikauliza nani ameuona mwili. Hakuna. Majirani walidhani Mjomba ameuona. Mjomba alidhani Bi Stoo alithibitisha kabla ya kupakia lori. Bi Stoo akafuta machozi, akanigeuzia tableti. Alisema alipoona jina la dada wa bosi mkono wake ulikwenda kwenye simu, halafu akakumbuka simu ya pole imefutwa.

Nikaona hapa dawa ni kuifuta oda. Nikatoa simu yangu, nikaingia kwenye mfumo, nikabonyeza FUTA. Mfumo ukaniuliza sababu, ukanipa za kuchagua. Mteja amebadili ukubwa wa hema. Mteja amekwenda kwa kampuni nyingine. Shughuli imeahirishwa. Nikatafuta "marehemu yuko hai," hakuna. Hakuna hata "nyinginezo," kwa sababu niliiondoa mwenyewe nikisema inalea uvivu.

Nikachagua imeahirishwa.

Simu zikalia kwa pamoja chini ya mahema yote. Watu wakachomoa, wakasoma. Jirani wa kulia, mwanamke mwenye sauti, akasoma kwa niaba ya wasio na miwani: "Tunasikitika kuwaarifu kwamba msiba wa mpendwa wenu umeahirishwa hadi Jumamosi ijayo. Ratiba ni ile ile. Samahani kwa usumbufu."

Ikawa vurugu.

"Msiba unaahirishwaje?"

"Sisi wengine tumeomba ruhusa kazini."

"Kwani hajafa vizuri?"

"Jumamosi ijayo mimi sina nafasi, nitalia leo leo."

Mjomba akaona mambo yanamponyoka. Akatafuta mtu mzima mwenye sauti ya kutuliza watu, macho yake mabovu yakamwangukia Baba yangu, akampa kipaza sauti. Niliona kabisa mkono wa Baba unawashwa. Nikamkimbilia.

"Baba, usiseme kitu. Mama yuko hai. Ni mimi nimekosea kompyuta."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Yuko wapi?"

"Sijui."

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, huna uhakika. Sasa kaa, baba yako akuokoe. Maiti haina ubishi."

Akapanda kwenye jukwaa.

"Ndugu waombolezaji, naomba utulivu. Utulivu mara ya kwanza. Utulivu mara ya pili." Watu wakatulia, maana ukisikia mara ya pili unaogopa ya tatu. "Marehemu alinipigia simu juzi."

Hajawahi kumpigia. Hata namba yake hana.

"Akaniambia, mzee mwenzangu, kijana wako nimemtazama mbele na nyuma, hana mchubuko. Nimemkubali. Hata nikiondoka kesho, binti yangu aolewe na huyo huyo. Nikamwambia mwalimu, usiseme maneno ya kuondoka. Akasema hapana, shika maneno yangu."

Watu wakaguna kwa uchungu. Mjomba akasimama.

"Wosia wa dada yangu utatimizwa," akasema. "Mbele yenu wote."

"Amina," watu wakaitikia.

Hapa ndipo ninapotubu kwenu, wasomaji. Nilijua mama yule ni mzima. Nilijua baba yangu anadanganya. Lakini niliposikia ile amina, utamu ulinishika. Watu wote wameshakubali. Nikajiambia, acha kwanza. Nikakaa kimya, mikono mapajani, sura ya mfiwa.

"Endelea, mzee," ikasema sauti nyuma ya hema. "Nilisema nini tena?"

Mama Mkwe alikuwa amesimama pale, mkoba begani, nywele nyeusi tii, zinang'aa.

Sitawaeleza sana kilichofuata. Viti vilianguka. Jirani mwenye sauti aliikosa sauti. Breki aliingia uvunguni mwa lori lake mwenyewe. Baba alishuka jukwaani kinyumenyume, bado ameshika kipaza sauti, na kilichosikika kwenye spika ni pumzi zake tu.

Mchumba wangu alikimbia akamwangukia mama yake shingoni, akamshika mashavu, akamshika mikono, akamshika hata nywele. Hakuuliza rangi imetoka wapi. Walikaa vile muda, na nakwambieni hata mimi machozi yalinitoka, na yalikuwa ya kweli.

Bi Stoo akasogea, tableti kifuani. "Shikamoo, Mwalimu. Mfumo unasema umefariki."

"Marahaba. Uambie nimerudi."

"Hauna hiyo."

Mama Mkwe akampokonya Baba kipaza sauti, akapanda jukwaani, akatazama watu. Bila kuambiwa, watu wote wakakaa.

"Nani amefanya hivi? Asimame."

Nikajikuta nimenyoosha kidole. "Ni mimi, Mwalimu."

"Njoo mbele. Eleza."

Nikaeleza. Nikaeleza data, nikaeleza habari, nikaeleza kisanduku cha MAJARIBIO na aibu yangu. Watu walisikiliza vizuri kuliko walivyowahi kunisikiliza ofisini.

"Kwa hiyo uliniandika marehemu kwa kuwa nilikuwa juu ya orodha."

"Ndiyo, Mama."

"Na katika watu wote hawa, na magari yote haya, kwa nini hakuna mtu mmoja aliyepiga simu hapa jana, nikiwa nimekaa nayo mkononi hadi usiku, kuuliza kama ni kweli?"

"Kulikuwa na simu kama hiyo. Niliifuta."

"Kwa nini?"

Nikatazama viatu vyangu. "Ilikuwa haiongezi kitu."

Bi Stoo akajipuliza pua kwa nguvu. Mjomba, ambaye hatimaye alikuwa amesogea karibu kiasi cha kumwona dada yake, alikuwa bado anamgusa bega kuhakikisha.

Mama Mkwe akaushika mkono ule wa kaka yake. Aliposema, sauti yake haikuwa ya mwalimu mkuu.

"Leo nilikusudia kumkataa kijana huyu. Nilishaamua. Nimekwenda hadi saluni ili nimkatae nikiwa na sura nzuri. Lakini nimesimama nyuma ya hema pale muda mrefu, nikasikiliza. Jirani yangu hapa hatusalimiani tangu alipojenga ukuta wake. Nimemsikia analia, anasema mimi ndiye niliyemfundisha mwanawe kusoma wakati wengine wote wamemkatia tamaa. Kaka yangu sijamwona akilia tangu tukiwa watoto. Mimi nilidhani mnaniogopa tu." Akaninyooshea kidole. "Mtu hapati nafasi ya kusikia haya. Mimi nimeipata, na aliyenipa ni huyu mjinga."

Nikainua macho.

"Tena watu wameshaarifiwa Jumamosi ijayo warudi. Siwezi kuwarudisha watu bure. Kaka, mahema yawe meupe. Jumamosi ijayo iwe harusi. Nimekubali. Ila huyu asiguse kompyuta."

Shangazi alilipuka kwa vigelegele. Mjomba akataka kunikumbatia, akakosa, akamkumbatia Breki aliyekuwa ametoka uvunguni. Mimi miguu ilikuwa haipo chini. Baba, kwa furaha, akapiga meza kwa ngumi kama alivyozoea siku zote za kazi yake.

"Imeuzwa," akasema.

Mchumba wangu alikuwa amesimama pembeni ya mama yake. Akaomba kipaza sauti kwa adabu, akapewa.

"Imeuzwa nini, Baba?"

Baba akatafuta pa kuuficha mkono wake.

"Nataka kujua tu," akasema. Macho yake yalikuwa bado yamevimba. "Mama ametoa jibu. Mjomba ametoa jibu. Baba yetu hapa amejibu mpaka kwa niaba ya maiti. Watu wameitikia amina. Kuna mtu yeyote aliyeniuliza mimi?"

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha kijinga. "Lakini mpenzi, wewe si tunajua?"

"Mnajua kutoka wapi?"

Nikatafuta siku niliyomuuliza. Nilikumbuka siku niliyomwambia Mjomba, siku niliyomwambia Baba, siku niliyomwomba Shangazi amfikishie Mama Mkwe. Yeye mwenyewe nilikuwa nampa taarifa tu, inavyoendelea.

"Asubuhi nzima nimemlilia mama yangu aliye hai," akasema, "kwa sababu wewe huoni faida ya kumuuliza mtu jambo linalomhusu. Nimelia mpaka nikataka kufa. Na hata ulipokuja kuniambia ni mzima, hukuwa umeuliza."

Nikapiga goti. Sikuwa nimepanga, magoti yalijiamulia. Mbele ya mahema meusi, mbele ya bango lenye picha ya mama yake, nikamuuliza.

"Nakuuliza sasa. Utanikubali niwe mume wako?"

Akanitazama. Niliona midomo yake inatetemeka, na sikuweza kujua kama ni kicheko au kilio.

"Swali zuri," akasema. "Umelichelewesha."

Akamrudishia mama yake kipaza sauti, akatembea mpaka kwenye lori, akafungua mlango, akapanda. Breki akatoka mikononi mwa Mjomba, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye.

"Washa," mchumba wangu akamwambia.

"Tunaenda wapi, dada?"

"Washa kwanza."

Breki ni mtu wa kutii aliye karibu. Akapanda, akawasha. Jenereta ilikuwa bado juu ya lori, waya zikavutika na kuchomoka, na spika zikazima. Mama Mkwe akajaribu kuita kwenye kipaza sauti, hakikutoa kitu. Akakishusha, akanigeukia pale nilipopiga goti.

"Hiyo ni ndiyo au hapana?" akaniuliza, yeye aliyemzaa.

Nikamwambia sijui, Mama. Watu wote walikuwa wananitazama, na lori lilikuwa limeshakata kona.